Kujiandaa kukaa kwenye banda la mbao visiwani Ssese: tuanze na siku ambazo ziwa litakataa

Mwanzisha uzi (Kampala)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nimeona maswali ya watu wanaotaka kwenda kukaa siku kadhaa visiwani Ssese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, si katika nyumba za wageni za Kalangala mjini ambako kuna umeme, maduka na bodaboda, bali katika yale mabanda ya mbao yaliyojengwa peke yake kwenye fukwe za mbali, ambako jirani wa karibu ni mwalo wa wavuvi na hata huo mwalo haufikiki ila kwa mtumbwi. Wengi huuliza wabebe nini. Mimi naomba kila anayejiandaa ajibu kwanza swali jingine: utaishi vipi siku ambayo ulipanga kurudi, na ziwa likakataa? Ukishalipigia hesabu swali hilo, mizigo mingine yote utaijua.

Mwezi Agosti tulikwenda watu sita, wakubwa wanne na watoto wawili, tukakaa kwenye banda la namna hiyo katika kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtumbwi wa injini kutoka bandari ya Lutoboka. Tulipanga kulala siku nne, tukalala sita. Asubuhi ya siku ya tano, mizigo ikiwa imekwisha kufungwa na watoto wamevaa viatu, nahodha alinipigia simu akasema maneno machache tu: "Mzee, ziwa limekataa." Nilitoka nje nikatazama. Jua lilikuwa linawaka vizuri na mbingu ilikuwa safi, lakini maji yote mbele yetu yalikuwa meupe kwa mawimbi, na mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imevutwa hadi juu ya mchanga, mbali na mahali inapolazwa siku zote. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Sababu yake yafaa ieleweke, kwa kuwa ndiyo inayoamua saa za kusafiri. Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa ukubwa huo lina hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani, na kuanzia adhuhuri huwa umeshapata nguvu za kuinua mawimbi. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na hewa yenye unyevu hupaa na kuzaa radi na mvua kubwa. Ndiyo maana dhoruba mbaya za ziwani huwa za usiku na alfajiri. Kati ya Juni na Agosti huongezeka pepo za kusi, ambazo zinaweza kuvuma siku nzima bila tone la mvua, na ndizo zilizotukamata sisi. Wakati mzuri wa kuvuka kwa mtumbwi ni ule wa asubuhi, baada ya mawingu ya usiku kutawanyika na kabla upepo wa mchana haujapanda.

Sasa angalia ratiba za vyombo. Meli ya abiria, MV Kalangala, kwa kawaida hutoka Nakiwogo, Entebbe, mchana na kufika Lutoboka jioni baada ya saa tatu na nusu hivi, kisha hurudi asubuhi. Anayepitia Masaka hutumia kivuko cha magari kutoka Bukakata hadi Luuku, ambacho hakitozi nauli, halafu hukata kisiwa cha Bugala kwa gari. Ukishuka Lutoboka jioni, utakuta wenye mitumbwi wako tayari kukupeleka mbele papo hapo, nawe una hamu ya kufika. Tafadhali usikubali. Lala Kalangala, vuka asubuhi. Gharama ya usiku huo mmoja iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na ya usiku mwingine kama huo wakati wa kurudi.

Kuhusu mtumbwi wenyewe, siwezi kusema hili kwa upole: ukague kabla ya kulipa, hata kama nahodha ni jamaa wa rafiki yako. Mnamo Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama upande wa Mukono, karibu sana na pwani, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi. Tazama ubao unaobaki juu ya maji baada ya watu na mizigo kuingia. Tazama kalafati kwenye maungio ya mbao, na maji yaliyotuama chini. Maji kidogo ni ya kawaida, lakini kama kijana mmoja kazi yake ni kufua maji tangu mnapoondoka, shukeni. Uliza petroli ya akiba iko wapi, na uoneshwe kwa macho. Jaketi za kujiokolea msitegemee za chomboni. Sisi tulinunua zetu, na hata hivyo tulikosea la mtoto mdogo: nilipomvalisha na kulishika mabegani nikamnyanyua, lilipanda hadi masikioni na mwili ukabaki chini. Jaketi la namna hiyo humchomoka mtoto majini. Tulirudi dukani tukachukua lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na kipimo hicho cha kumnyanyua mtoto kwa mabega ya jaketi nawaombeni mkifanye nyumbani, si ufukweni.

Chakula tulihesabu kwa siku nne tukaongeza kidogo, na hapo ndipo tulipokosea. Jioni ya siku ya tano tulikuwa na unga wa posho (unga wa mahindi) usiofika kilo mbili, vitunguu, chumvi, na mkaa wa kupikia mara mbili. Wavuvi hawakwenda ziwani, kwa hiyo hata samaki, ambao mtu hudhani hawawezi kukosekana kisiwani, hawakuwapo. Mama mmoja wa mwaloni alituuzia mukene (dagaa) waliokaushwa, nao ndio tuliokula siku mbili. Tangu hapo kanuni yangu ni siku tatu za ziada kwa kila kitu: unga, maharage, mafuta, mkaa, maji safi, dawa, na fedha taslimu za noti ndogondogo, maana pesa za simu hazisaidii kitu mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Nunueni vyakula vikavu kwa jumla Kikuubo, soko la Kampala, kabla ya safari. Kalangala vitu vipo, ila bei ni za vitu vilivyovushwa ziwa.

Jambo la mwisho kwa leo ni maji na ugonjwa. Maji ya ziwa yanaonekana safi hasa mbali na mialo, lakini kichocho hakionekani. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa hiyo hata kuosha miguu kwenye matete ni hatari. Maji ya kuoga tuliyateka jioni kwenye mapipa yenye vifuniko na kuyaacha siku mbili, kwa sababu vijidudu hivyo hufa visipopata mtu wa kumwingia ndani ya muda huo. Yaliyohitajika mapema tuliyachemsha. Ya kunywa tuliyachemsha yote mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima. Tena, mtu aliyeingia ziwani asikimbilie dawa siku anaporudi: prazikwanteli haiui minyoo michanga, kwa hiyo kipimo na dawa vina maana baada ya wiki sita hadi nane.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji kutoka Mbarara

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi na mume wangu tunapanga kwenda Januari na binti zetu wawili, wa miaka minne na tisa. Kinachonikosesha usingizi ni malaria. Hapa kwetu tunaugua, tunakwenda kliniki barabara ya pili, yamekwisha. Kule mtoto akipata homa usiku, mama anafanya nini?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, swali lako ndilo lililotupata. Usiku wa tano, upepo ukiendelea kuvuma, mtoto wetu wa miaka saba alianza kutetemeka, na ilipofika saa nne za usiku mwili ulikuwa unachoma. Kuvuka kulikuwa hakuwezekani.

Kilichotuokoa kilikuwa kimefanyika wiki mbili kabla. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi na anaishi Ntinda, mtaa wa Kampala, alikataa kutuachia twende bila vipimo vya haraka vya malaria, glavu, na dawa mseto zilizopimwa kwa uzito wa kila mtoto. Hakutupa tu vitu hivyo kwenye mfuko. Alinikalisha kwenye meza yake ya jikoni, akanipa sindano, akaniambia nichome kidole changu mwenyewe, nidondoshe tone la damu kwenye kitundu kimoja, matone ya maji ya kipimo kwenye kingine, kisha nisubiri nikitazama saa bila kukisia. Aliniambia nirudie mpaka mkono uache kutetemeka. Usiku ule nilisoma kipimo kwa tochi ya kichwani, na mstari wa pili ulipojitokeza, ingawa ulikuwa hafifu, nilijua la kufanya. Tulimpa dozi ya kwanza pamoja na maziwa, kwa kuwa dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta, na tukaendelea kufuata saa zilizoandikwa kwenye karatasi.

Karatasi hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili ulioandikwa kwa wino mwekundu: mtoto akipata degedege, akitapika kila anachopewa, akishindwa kunywa, au akilegea na kutoamka vizuri, hiyo ni malaria kali, na dawa za kumeza hazitoshi. Namshukuru Mungu hatukuufikia upande huo. Siku ya saba tulivuka, tukampeleka moja kwa moja kituo cha afya cha ngazi ya nne pale Kalangala, akakamilisha matibabu akapona.

Hapo ndipo mganga wa zamu alinieleza jambo ambalo sikulijua. Tangu mbu anapouma hadi homa kuanza hupita kwa kawaida siku saba au zaidi, kwa hiyo mtoto hakuwa ameipata kisiwani. Alikwenda nayo kutoka Kampala. Kwa maana hiyo, dada, chandarua chenye dawa cha huko kisiwani ni muhimu, lakini na kile cha nyumbani wiki mbili kabla ya safari ni muhimu vilevile. Mtoto akionesha uchovu wowote kabla ya kuondoka, mpimeni. Na homa yoyote itakayokuja wiki kadhaa baada ya kurudi Mbarara, mwambieni daktari mmetoka wapi.

Kwa huyo wa miaka minne, msibebe dawa kwa kukisia. Apimwe uzito na mhudumu wa afya ndipo dozi iandikwe kwa jina lake. Ongezeni pakiti za maji ya chumvichumvi kwa ajili ya kuharisha. Zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kufuta si vya kurundika, hufanya kazi ile ile.

Mchangiaji kutoka Kalangala

Nimezaliwa Bugala na kazi yangu ni ya mitumbwi, hivyo naomba kuongeza machache ambayo wageni huwa hawaelezwi.

La kwanza, mkifika, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kufungua mizigo, mkajitambulishe na kuandikwa. Si kwa sababu ya utaratibu wa serikali peke yake. Mwenyekiti akijua mpo watu sita kwenye banda lile, siku dhoruba ikipiga ndiye atakayetuma kijana kupita msituni kuja kuangalia. Asiyejitambulisha hana wa kumtafuta. Muulizeni pia ni maeneo yapi ya msitu yana heshima zake. Visiwa hivi ni makao ya Mukasa, lubaale (mungu wa jadi) wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwa cha Bubembe, na yapo maeneo ambayo wenyeji hawakati kuni wala kupiga picha. Mkiuliza mnaelekezwa vizuri. Msipouliza mnaleta maneno.

La pili ni kiboko. Usiku hutoka majini kula majani, na njia zake ni zile zile kila siku. Mtaziona kama mifereji iliyosagika kutoka ufukweni kwenda juu. Msiweke hema, wala moto, wala mtoto kwenye mfereji huo, na msisimame kamwe kati yake na maji. Choo kikiwa nje ya banda, tumieni ndoo usiku.

La tatu, sami. Hao ni wale wadudu wadogo wa ziwa wanaoinuka makundi kwa makundi kama moshi. Hawaumi, lakini huja kwenye taa, huingia puani na kwenye chakula, na mwenye pumu wanaweza kumletea shida ya kweli, kwa hiyo asije bila dawa yake ya kuvuta. Wakiingia zimeni taa zote ndani, mwache moja nje mbali na mlango.

Na kuhusu saa za kuvuka nakubaliana na mzee, ila nasisitiza: mwachieni nahodha neno la mwisho. Wageni wakimshikilia kwamba ndege yao inaondoka Entebbe kesho, wapo vijana ambao kwa kuona haya tu watakubali.

Mchangiaji kutoka Gulu

Nashukuru kwa elimu hii. Nina maswali mawili. Banda tuliloonyeshwa halina umeme: tubebe jenereta au sola? Na kama mvua itanyesha mchana kutwa, je, tunaweza kupikia ndani kwa sigiri (jiko la mkaa) madirisha yakiwa wazi?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nianze na hilo la pili kwa kuwa ndilo linaloua. Usiingize sigiri ndani ya chumba mnacholala, iwe na mkaa mpya au makaa yanayofifia, iwe madirisha yako wazi au la. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na anayeivuta husikia usingizi na maumivu ya kichwa, akadhani ni uchovu wa safari. Baridi ya mvua ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu wakimaliza kupika huona ni hasara kuacha joto lile nje. Kabla ya kulipia banda, uliza kama lina jiko la nje lenye paa. Kama halina, beba turubai na kamba, ulifunge juu kati ya miti ukiacha pande zote wazi, na ubebe vyakula vya siku moja visivyohitaji moto: njugu, ndizi mbivu, mkate mkavu, mayai yaliyochemshwa nyumbani. Mkaa uwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Gunia likilowa mtumbwini, mtakaa siku nzima mkipuliza.

Kuhusu umeme, jenereta ni mzigo, ni kelele, na ni petroli ya kuvusha pamoja na watoto kwenye chombo kimoja. Sisi tulitumia sola ndogo ya taa mbili na kuchaji simu, pamoja na tochi za kichwani na betri za akiba. Zingatieni kwamba siku za mawingu sola hulegea, na siku za mawingu ndizo mnazohitaji simu. Simu moja izimwe kabisa tangu mnapofika, ikiwa imejaa chaji, iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na isiguswe ila kwa dharura. Ulizeni mapema ni mtandao gani unaoshika kisiwani na mbebe laini yake. Mahali petu ulishika kwa uhakika kwenye jiwe moja tu, hatua kama 200 juu ya banda.

Ndugu wa Kalangala, nashukuru kwa neno la LC1. Sisi tulijitambulisha siku ya pili badala ya ya kwanza, na nilivyoona mwenyekiti alivyotupokea, niliona aibu kwa kuchelewa. Alituletea mwenyewe kuni kavu siku ya sita.

Naongeza jambo moja ambalo bado halijatajwa. Kabla ya kuondoka andikeni karatasi ya ukurasa mmoja na kuiacha kwa mtu mnayemwamini anayebaki mjini: majina na umri wa wote mnaosafiri, kisiwa na mwalo wa karibu, namba ya nahodha, namba ya mwenyekiti, namba za dharura 999 na 112, ugonjwa wowote wa kudumu alio nao yeyote kati yenu, siku ya kurudi, na zaidi ya yote siku na saa ambayo mtu huyo aanze kupiga simu asipowasikia. Saa hiyo iandikwe waziwazi. Msimwambie "tukichelewa ututafute", kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha kuchelewa, na mwenye heshima ataona haya kuwasumbua.

Yetu tulimwachia shemeji. Nilimwandikia kwamba asiposikia sauti yangu mpaka siku ya sita saa nne asubuhi, aanze na nahodha, kisha mwenyekiti, kisha polisi. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekaa na mtoto, sikuweza kupanda kwenye jiwe la mtandao. Nahodha aliniambia baadaye kwamba simu ya Ntinda ilimfikia saa nne na dakika tano, na kabla ya saa sita mwenyekiti alikuwa mlangoni petu na zile kuni.